Maungamo ya kwanza ya watoto wa shule, na padre ambaye lugha ya wenyeji bado haijamkaa kinywani

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni padre, nimetumwa kuhudumu katika parokia ya kijijini nje ya nchi yangu. Misa naiadhimisha kwa lugha ya hapa bila shida, lakini watoto wakianza kuongea wao kwa wao, mengi yananipita. Shule ya msingi iliyo jirani ina watoto 45 wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na mwalimu mkuu amenitengea saa moja ya kuwaungamisha wote. Amependekeza niwape ondoleo la pamoja, yaani niwaondolee wote dhambi kwa mara moja bila kila mmoja kuungama, au mwalimu wa darasa akae nami awe mkalimani. Mwingine amenishauri nitumie programu ya kutafsiri kwenye simu. Darasani wamo pia watoto wasio Wakatoliki, na shule inataka picha za siku hiyo. Nifanyeje?

Jibu: Milele na milele amina, Padre. Nianze na ondoleo la pamoja, kwa sababu jibu lake ni fupi kuliko yote: hapana.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni 960, unasema maungamo ya mtu mmoja mmoja na ondoleo analopewa yeye mwenyewe ndiyo njia pekee ya kawaida ya mwamini mwenye dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito, kupatanishwa na Mungu na Kanisa. Kanuni 961 inakubali ondoleo la pamoja katika hali mbili tu. Ya kwanza ni hatari ya kufa isiyomwachia padre nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Ya pili ni haja nzito, yaani waungamaji ni wengi, waungamishi hawatoshi, na watu wangekaa muda mrefu bila neema ya sakramenti wala Komunyo pasipo kosa lao. Kanuni hiyohiyo inaongeza kwamba umati wa sikukuu au hija peke yake hautoshi kuwa sababu. Tena anayepima kama haja nzito ipo ni askofu wa jimbo. Paroko hana uamuzi huo, sembuse mwalimu mkuu. Papa Yohane Paulo II alilikazia jambo hili mwaka 2002 katika barua yake Misericordia Dei, maana kuna mahali ambapo ondoleo la pamoja lilikuwa limegeuka mazoea.

Watoto wako wako shuleni kila juma, na wewe unaishi hapohapo parokiani. Hiyo si haja nzito, ni ratiba iliyobana, na dawa yake ni kuipangua ratiba.

Piga hesabu mbele ya mwalimu mkuu, kwa upole. Mtoto anayeungama kwa mara ya kwanza huchukua kama dakika tatu, ukiweka na ule muda wa kukaa vizuri, kusahau alichotaka kusema na kukikumbuka tena. Watoto 45 kwa dakika tatu ni dakika 135, yaani saa mbili na robo, kabla hujahesabu masomo, mahubiri na nyimbo. Ukialika mapadre wawili wa dekania yako, yaani wa parokia jirani, mkawa watatu, itakuwa dakika 45 za maungamo tu, na saa aliyokupa itajaa pomoni. Njia ya pili ni kuwagawa watoto katika makundi matatu ya watoto 15 na kuchukua wiki tatu mfululizo. Ningekuwa mimi ningeshika hii ya pili, kisha ningemwomba jirani mmoja aje kila mara. Mkiwa wawili, watoto 15 wanamalizika chini ya nusu saa, na hakuna aliyeketi kwenye benchi mpaka akaanza kumfinya mwenzake. Zaidi ya hapo, mtoto anapata wa kumchagua. Kanuni 991 inampa kila mwamini uhuru wa kuungama kwa padre anayemtaka, na mtoto naye ni mwamini. Yupo atakayekukimbia kwa sababu wewe ni mgeni. Yupo pia atakayekukimbilia kwa sababu hiyohiyo: hufahamiani na bibi yake.

Huenda ukasikia ushauri mwingine, hasa kutoka kwa watu wazima waliochoka: mtoto wa miaka saba au minane ana dhambi gani? Mbariki tu, apokee Ekaristi, mengine yatafuata. Ushauri huu ni wa zamani, na Kanisa lilikwisha kuujibu. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka. Karne zilivyopita, umri huo ulisogezwa mbele, mahali pengine hadi miaka 12 au 14. Ndipo tarehe 8 Agosti 1910, chini ya Papa Pio X, ikatolewa dekreto Quam singulari, iliyosema umri wa kupambanua ni kama mwaka wa saba, ukizidi au ukipungua kidogo, kwa maungamo na kwa Komunyo vilevile. Dekreto hiyo iliagiza pia kwamba desturi ya kutowaungamisha watoto wenye matumizi ya akili, au kuwasikiliza bila kuwaondolea dhambi, ikomeshwe kabisa. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano baadhi ya nchi zilijaribu kutanguliza Komunyo na kuacha maungamo yaje baadaye, na mwaka 1973 Roma ilitangaza majaribio hayo yakome. Leo kanuni 914 inawaagiza wazazi na paroko wahakikishe watoto wameandaliwa, wameungama, kisha wanalishwa Ekaristi mapema iwezekanavyo.

Sehemu nyingine ya sheria hiyohiyo ndiyo itakayokushusha pumzi. Wajibu wa kutaja dhambi zote kwa aina na idadi, katika kanuni 988, unahusu dhambi za mauti. Dhambi ndogo zinapendekezwa kuungamwa, wala hazilazimishwi. Mtoto wa miaka minane aliyemdanganya mama na kumpiga mdogo wake hahitaji kukupa hesabu ya mhasibu, nawe huhitaji kudaka kila neno lake ili ondoleo liwe halali. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba bubu, au mtu asiye na lugha moja na padre, anaweza kuungama kwa maandishi, kwa ishara au kupitia mkalimani, kwa kuwa hatudaiwi zaidi ya tunachoweza. Mtoto wako si bubu, na wewe si kiziwi. Ukisikia sentensi mbili katika nne alizosema, ukaona anajuta kwa namna ya kitoto, inatosha. Punguza maneno, Padre, usiipunguze sakramenti.

Maneno yenyewe yanaandaliwa mapema. Jifunze kwa moyo kila utakachosema wewe, kwa sababu upande wako wa mazungumzo unajulikana tayari: salamu, mwaliko wa kumtumainia Mungu, swali moja la kumsaidia aliyekwama, kitubio (sala au tendo unalompa alifanye kama malipizi), ombi la kusali sala ya kutubu, kanuni ya ondoleo (maneno rasmi ya kuondolea dhambi), na neno la kumuaga. Kanuni ya ondoleo itoke katika tafsiri iliyoidhinishwa na Baraza la Maaskofu la nchi hiyo. Usiitafsiri mwenyewe papo hapo. Mwombe katekista akusomee taratibu huku unasikiliza, urudie mpaka ulimi ulainike, maana pale kwenye "nakuondolea dhambi zako" mtoto hapaswi kubabaika akidhani umemuuliza kitu.

Upande wa mtoto ndio mgumu, ila nao una mipaka. Makosa ya watoto wa umri huo hayana aina nyingi: uongo, matusi, kupigana, kuchukua cha mtu, kukaidi, wivu, kumcheka mwenzao, kuiba majibu kwenye mtihani, kuitumia simu kwa siri, kukacha sala. Keti na katekista au mwalimu siku ya kawaida, kabla ya maungamo yoyote, akutajie maneno ambayo watoto wa pale huyatumia kwa mambo hayo. Usitosheke na maneno ya kwenye kamusi. Lugha uliyofundishwa chuoni ni ya mjini na ya vitabu. Watoto wa shamba huwa na yao, na tusi la kijijini kwao linaweza kuwa jina la mnyama usiyemdhania. Nenda uwanjani wakati wa mapumziko, simama, sikiliza. Wiki kadhaa za namna hiyo zitakuzoesha sauti zao na, jambo kubwa zaidi, zitawazoesha wao uso wako.

Usipoelewa, uliza mara moja tu, tena bila kukunja uso: "Sema tena, taratibu." Usipoelewa na mara ya pili, uliza kama anajuta, mpe kitubio, mwondolee. Kanuni 979 inamtaka muungamishi awe na busara na kiasi katika kuuliza, akizingatia hali na umri wa anayeungama. Kwa mtoto, kiasi hicho ni kidogo sana. Usimchokonoe. Usimuulize jina la aliyeshirikiana naye, sheria inakukataza. Mambo ya mwili usiyaguse kwa swali lako kamwe. Akiyataja mwenyewe, mjibu kwa sentensi moja yenye utulivu, uendelee. Tegemea pia kuungamiwa mambo ambayo si dhambi: kikombe kilichoponyoka, kuchelewa shule kwa sababu ya mvua, na dhambi za kaka yake, ambazo watoto huziungama kwa bidii kubwa. Mwambie tu kwamba hilo si kosa lake. Wapo watoto ambao neno hilo litawatua mzigo mkubwa kuliko uliotarajia.

Sasa mkalimani. Kanuni 990 inaruhusu mtu yeyote kuungama kupitia mkalimani, mradi matumizi mabaya na makwazo yaepukwe, na kanuni 983 inamfunga mkalimani huyo kwa siri sawa na wote waliosikia. Tangu Desemba 2021, sheria ya adhabu iliyofanyiwa marekebisho inaeleza katika kanuni 1386 kwamba padre anayeivunja siri ya maungamo moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, na kuondolewa adhabu hiyo kumehifadhiwa kwa Kiti cha Kitume, yaani Roma. Mkalimani naye akiivunja anastahili adhabu, hata ya kutengwa. Kwa hiyo jambo lenyewe halikatazwi. Shida yangu ni mwalimu wa darasa. Huyu ndiye anayempa mtoto alama na kumwadhibu, ndiye anayekutana na mama yake getini. Mtoto aliyeiba penseli ya mwalimu hataitaja mbele ya mwalimu. Ataungama kitu kingine, na maungamo yake ya kwanza yatamfundisha kuficha. Sheria imeionja hatari hii mahali pengine: kanuni 985 inamzuia mkuu wa seminari au wa taasisi ya elimu kuwaungamisha wanafunzi wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wenyewe wameomba kwa hiari katika nafasi mahususi. Mwalimu anayekalimani si muungamishi, najua, lakini mtoto yuko katika kona ileile. Basi pasiwe na mkalimani wa kudumu kando yako. Akitokea mtoto ambaye kweli hawezi, kwa mfano aliyehamia juzi na familia inayozungumza lugha ya tatu, muulize yeye angependa nani amsaidie. Ukimpata padre anayeijua lugha hiyo, utakuwa umemsaidia vizuri zaidi.

Simu iache sakristia. Kanuni hiyo ya 1386 inataja waziwazi adhabu kwa anayerekodi kwa chombo chochote yale yanayosemwa katika maungamo, au kuyatangaza. Aliyekushauri hakukusudia hayo, bila shaka. Ila programu ya kutafsiri inaishika sauti ya mtoto, na mara nyingi inaituma kwenye mitambo ya kampuni fulani mbali na hapo ndipo irudishe maneno. Wewe huna namna ya kujua kinachobaki huko. Siri ya maungamo haijengwi juu ya masharti ya matumizi ambayo hakuna aliyeyasoma.

Karatasi ni rafiki mzuri kuliko simu. Watoto wengi hupenda kuandika wanachotaka kusema, na wewe msomaji wa lugha utaelewa maandishi kwa urahisi kuliko mnong'ono wa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Ruhusa iwe ya hiari. Karatasi isiwe na jina, ishikwe na mtoto mwenyewe, akusomee au akuonyeshe, kisha aichane yeye kwa mkono wake. Waeleze walimu mapema: asiwepo wa kuzikusanya, kuzisoma, wala kusahihisha tahajia. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa kusema unaweza kuandaa kadi zenye michoro, akaonyesha kwa kidole.

Kuhusu adhimisho lenyewe, tumia namna ya pili ya Utaratibu wa Kitubio, kitabu cha ibada ya maungamo kilichotolewa mwaka 1973: waungamaji wengi pamoja, lakini kila mmoja anaungama na kuondolewa dhambi peke yake. Wimbo, salamu, sala, Neno la Mungu, mahubiri, kutafiti dhamiri, "Naungama" ya pamoja, kisha Baba Yetu, ambayo katika namna hii haiachwi kamwe, ndipo maungamo ya mmoja mmoja, na mwisho shukrani na baraka. Usiichanganye ibada hii na Misa zikawa kitu kimoja. Kiambatisho cha kitabu hichohicho kina ibada za toba za mfano, mojawapo ya watoto, yenye somo la kondoo aliyepotea kutoka Luka 15, inayowafaa hata wale ambao hawajawahi kuungama. Ibada hiyo haina ondoleo, kwa hiyo unaweza kuifanya darasani wiki mbili kabla kama maandalizi. Watoto watakuwa wameshauzoea mwendo wake, na wewe utakuwa umepima ulimi wako mahali ambapo kukosea hakuna gharama.

Mahubiri yasikutoe jasho. Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto, uliotoka Roma mwaka huohuo wa 1973, unaruhusu mtu mzima mwingine azungumze na watoto baada ya Injili, kwa ridhaa ya paroko, hasa padre anapoona vigumu kujishusha hadi fikra za watoto. Kama inawezekana katika Misa, katika ibada ya kitubio inawezekana zaidi. Mwachie katekista dakika tano za kueleza mfano wa Injili, wewe malizia kwa sentensi tatu ulizozijua kwa moyo. Kutafiti dhamiri pia kusomwe na mtu mwenye lugha, polepole, kwa maswali ya mambo yanayoonekana: nimempiga nani, nimemdanganya nani, nimemwacha nani peke yake uwanjani. "Je, nimeishi upendo wa Kristo?" ni swali la watu wazima. Hata wao hulijibu ndiyo bila kufikiri.

Kitubio kiwe chepesi na cha kumalizika kabla mtoto hajatoka kanisani, sala moja anayoijua kwa lugha yake. Kanuni 981 inataka kilingane na hali ya mtu. Jihadhari na kitubio kinachoonekana: ukimtuma mtoto akamwombe radhi mwalimu fulani, umemwambia mwalimu alichoungama. Na kwa kuwa wakitoka nje watalinganisha nani kapewa nini, wape wote kinachokaribiana. Wao hawafungwi kuyataja mambo yao wenyewe, na watayataja mpaka jioni.

Mahali pa kukaa panahitaji mawazo yako kuliko pengine unavyodhani. Kanuni 964 inaweka maungamo kanisani, na inataka kuwe daima na viti vya maungamo vyenye wavu, mahali palipo wazi, kwa wanaotaka kuvitumia. Padre naye anaweza kusisitiza kuutumia wavu huo. Roma ilithibitisha hivyo mwaka 1998. Juu ya hayo, jimbo lako lina kanuni zake za ulinzi wa watoto, na katika nchi nyingi ni kali. Zisome kabla ya siku hiyo, kwa kuwa desturi ya ulikotoka haitakutetea. Kwa kawaida mpangilio unaofaa ni huu: kiti chako kando ya altare au kwenye kikanisa cha pembeni kisicho na mlango uliofungwa, watu wazima wawili wakiwaona ninyi wawili muda wote lakini wasisikie, na wimbo laini ukiendelea ili sauti zisisafiri. Utaratibu unataka unyooshe mikono, au walau mkono wa kuume, juu ya kichwa cha anayeungama. Unyooshe bila kugusa.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliruka. Mtoto anaweza kukuambia ndani ya maungamo kwamba kuna mtu anayemuumiza. Siri haifunguki, hata kwa hilo. Lakini usimwache hivihivi. Mwambie kwa maneno uliyoyaandaa mapema, kwa lugha yake, kwamba alichofanyiwa si dhambi yake. Kisha mhimize amweleze mtu mzima anayemwamini, au aje akueleze wewe nje ya maungamo, ili uweze kumsaidia. Mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2020 kuhusu kesi za udhalilishaji wa watoto unamwelekeza muungamishi vivyo hivyo: ajitahidi kumshawishi aliyemweleza atoe habari hiyo kwa njia nyingine, ili wahusika waweze kuchukua hatua. Usiifanye iwe sharti la kumwondolea dhambi. Mtoto aliyeumizwa hana deni hapo. Fahamu pia kwamba sheria za serikali hutofautiana. Nchini Australia, kwa mfano, majimbo ya Victoria na Queensland yamepitisha sheria zinazomtaka padre atoe taarifa hata ya kilichosikika katika maungamo, na Kanisa halikubali kuivunja siri. Muulize chansela wa jimbo, mwenye kutunza nyaraka katika ofisi ya askofu, hali ikoje huko uliko, sasa, kabla hujaketi kwenye kiti. Sentensi hizo mbili tatu za kumwambia mtoto ziandike leo. Hazifai kutafutwa wakati analia mbele yako.

Watoto wasio Wakatoliki wasitengwe kwenye kona. Asiyebatizwa hawezi kupokea sakramenti nyingine, kanuni 842 iko wazi, lakini anaweza kuimba, kusikiliza Neno na kuja mbele kubarikiwa wazazi wake wakiridhia. Mtoto wa Kanisa la Kiorthodoksi ni habari nyingine: kanuni 844 inaruhusu kumpa sakramenti ya kitubio akiomba kwa hiari yake na akiwa ameandaliwa, ila uzungumze kwanza na wazazi wake, na usionekane unamnyakua. Wa madhehebu ya Kiprotestanti, baraka inatosha. Wote hao watajwe kwa mwalimu kabla, ili asiwepo mtoto anayegundua mbele ya wenzake kwamba yeye hayumo.

Wazazi waalike wakati mmoja na watoto, na yule padre jirani abaki kwenye kiti nusu saa baada ya mtoto wa mwisho. Usitangaze kwa kishindo. Wapo ambao hawajaungama tangu wao wenyewe walipokuwa na umri huo, na watakaa wakiangalia kiti hicho. Huenda mmoja akanyanyuka.

Picha zipigwe nje, au kanisani baada ya baraka, kwa kibali cha maandishi cha wazazi. Mtoto akiwa anaungama asipigwe, hata kwa mbali, hata kwa mgongo. Shule ikisisitiza, wape picha ya kundi zima mlangoni pa kanisa. Cheti nacho kisiwasumbue. Mbatizwa huandikwa daftarini, aliyepata Kipaimara huandikwa, waliofunga ndoa huandikwa. Maungamo hayana daftari. Utahitaji tu orodha ya watoto walio tayari kwa Komunyo ya Kwanza, na mtoto asiulizwe mbele ya wenzake kama aliingia au hakuingia kwenye kiti.

Utakapokaa na mwalimu mkuu kuzigawa zile wiki tatu, ombeni papo hapo na tarehe nyingine mbili, moja ya Majilio na moja ya Kwaresima, kwa ajili ya watoto haohao baada ya Komunyo yao. Kanuni 989 inawadai wenye dhambi nzito mara moja kwa mwaka, lakini mtoto aliyeungama mara moja tu katika msimu wa sherehe husahau hata pa kuanzia. Barua kwa padre jirani ipeleke wiki hii. Mapadre wa vijijini hushika parokia mbili tatu kila mmoja, na Kwaresima yao hujaa mapema.